Damu Kwanza, Mhuri Baadaye

Mhuri wa ofisi yetu una uzito wa kilo mbili na robo. Najua kwa sababu Bwana Kifungu aliwahi kuagiza upimwe, na uzito huo ukaandikwa katika kitabu cha makabidhiano mbele ya jina langu, ili siku nikiurudisha ijulikane kama nimeupunguza. Ni wa chuma, una mpini wa mbao uliolainishwa na viganja vya makarani walionitangulia, na bila huo hakuna mtoto anayetambulika kuwa amezaliwa wala mtu anayetambulika kuwa amekufa. Watu hufika dirishani kwangu wakiwa wameshamzika marehemu wao siku nyingi, nami huwaambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa upande wetu bado yupo.

Kwa miaka tisa mhuri huo ulikuwa chini ya jina langu, na jina langu lilikuwa chini ya Bwana Kifungu, mkuu wetu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Ukimsalimia asubuhi hujibu salamu, kisha hutaja kifungu kinachomruhusu kujibu. Si mtu mbaya. Hajawahi kunipandishia sauti, hajawahi kumwomba mtu chai, na akikosea hujiandikia barua ya onyo na kuiweka katika faili lake mwenyewe. Lakini ukimpelekea jambo ambalo halimo katika kanuni, huligeuza huku na huku akitafuta pa kulishikia, na akikosa hukurudishia.

Mimi nilimpelekea kondo la nyuma.

Mimba ilikuwa ya tatu. Wawili wa kwanza walitolewa kwa kupasuliwa, kwa hiyo wa tatu nilijua njia yake. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye raba miguuni na kalamu tatu mfukoni. Alipopitisha kile kifaa chake cha picha tumboni kwangu alikirudisha mahali pamoja mara tatu. Kisha akageuza karatasi ya dawa akachora mji wa mimba, akachora mtoto, halafu chini kabisa, pale mtoto anapotakiwa kutokea, akapaka kivuli kizito. Kondo, akasema, ndilo linalomlisha mtoto na kumpa hewa, na kwa kawaida hujishikiza juu huko au ubavuni. Langu lilikaa chini na kuziba njia nzima. Kwa wanawake wengi likionekana chini mapema hupanda lenyewe kadiri tumbo linavyokua. Langu hakutegemea lipande, kwa sababu lilikalia makovu ya mishono yangu ya zamani, na alihofia limeota mizizi humo.

Nilimwuliza kinachofuata, naye hakunificha. Damu ingeweza kutoka wakati wowote, nyingi, bila maumivu na bila taarifa. Nisinyanyue kitu, nisisafiri, mimi na mume wangu tuvumiliane, nisikae mbali na hospitali. Ningepasuliwa kabla ya uchungu kuanza, na huenda wangelazimika kulitoa kondo pamoja na mji wenyewe. Mtoto angetoka njiti, mapafu yakiwa machanga. "Ukiona hata tone moja," akasema, "usimalize unachofanya. Njoo."

Nilimwuliza kuhusu mhuri wa kilo mbili na robo. Alicheka akidhani namtania.

Bwana Kifungu aliisoma ripoti ya daktari mara mbili, ya pili akiwa amesimama. Alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akafungua kanuni. Ruhusa ya uzazi huanza wiki ya thelathini na sita, nami nilikuwa ya ishirini na tisa. Ruhusa ya ugonjwa ilihitaji mgonjwa, na ripoti ilisema mimi mwenyewe ni mzima. Mwenye matatizo ni kondo, ambalo si mtumishi. Kukabidhi mhuri kungewezekana kama ningekuwa na ruhusa, na ruhusa ingewezekana kama ningekuwa nimeshakabidhi mhuri. Tena karatasi ya makabidhiano haina nguvu mpaka ipigwe mhuri na afisa wa tatu, asiyekabidhi wala kukabidhiwa. Ofisini tulikuwa wawili.

Sehemu moja ya ripoti ilimpa matumaini. Daktari aliandika kwamba kondo lililo chini wakati mwingine hupanda. Kumbe linahamishika, akasema Bwana Kifungu, na siku hiyohiyo akaiandikia hospitali barua ya kuomba kondo la mtumishi wake lipewe siku kumi na nne liwe limehamia mahali panapostahili. Nakala kwangu, nakala kwenye jalada. Barua hiyo niliipiga mhuri kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nimekaa pale miaka tisa.

Nikarudi dirishani. Nilijiambia kwamba daktari bado kijana, na vijana wakimaliza shule hutisha watu. Siku kumi zikapita.

Siku damu ilipotoka nilikuwa nazungumza na Mama Kesho. Huyo alikuwa mama wa makamo mwenye bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, akifuatilia cheti cha kifo cha binti yake. Jina tulimpa sisi wa ofisini, kwa kuwa kila alipokuja aliambiwa aje kesho. Mara ya kwanza karatasi yake ya hospitali iliandikwa kwa wino wa bluu, na sisi tunataka mweusi. Mara ya pili wino ulikuwa mweusi, lakini tarehe ilikuwa ya siku ya kubadilisha wino. Baadaye ilikosekana picha yake, baadaye picha ikapatikana ila alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa miaka miwili alikuja mara kumi na moja, na karatasi yake haikuwahi kuvuka mstari wa kwanza. Hakuwahi kugomba. Asubuhi hiyo nilikuwa namwambia, kwa upole uleule, kwamba nakala yake imekatwa pembeni, nikahisi joto kwenye kiti.

Sikuumwa hata kidogo. Niliinuka nikaona kiti kimekuwa chekundu, nikaketi tena, nikamalizia maelezo kuhusu nakala. Naona aibu mpaka leo. Ni Mama Kesho aliyepenyeza mkono kwenye tundu la dirisha akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu," akasema, "acha karatasi."

Nikaacha karatasi. Mhuri sikuuacha, kwa sababu kanuni inasema usiwe mbali nao zaidi ya hatua tano, na tayari ulikuwa kwenye mkoba wangu. Tuliingia hospitali pamoja, mimi na mhuri.

Damu ile ilikoma yenyewe baada ya saa mbili. Wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakanipa kitanda namba tisa katika wodi ya wazazi, na daktari akasema sitoki tena mpaka nizae. Mume wangu ni kinyozi. Alifunga kibanda chake, akachukua mashine ya kunyolea na kioo cha mkononi, akahamia wodi ya wanaume kunyoa wagonjwa ili asiwe mbali. Mama yake alikuja kuniuguza. Watoto wetu wawili walipelekwa kwa shangazi yao, ambaye alinitumia salamu kwamba wanakula sana.

Siku ya tatu Bwana Kifungu aliingia na machungwa na uamuzi. Alikuwa ameisoma kanuni yote upya na kugundua kwamba hakuna popote ilipoandikwa kwamba ofisi ni jengo. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, ofisi ni mahali ulipo mhuri. Kwa hiyo mimi sikuwa nimelazwa. Ofisi ilikuwa imehamia wodi ya wazazi, kitanda namba tisa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Alibandika tangazo ukutani juu ya kichwa changu, akanipa pole tena, akaenda zake.

Kesho yake foleni ilipanda ngazi, ikapita chumba cha kupimia watoto uzito, ikaingia wodini. Sista mkuu aliwafukuza wote. Wakatoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma wakiwa katika mpangilio uleule, maana mtu akishashika namba yake haiachii hivihivi. Baada ya siku mbili za kukimbizana Sista alisalimu amri kwa masharti: wavue viatu, wasiguse vitanda, na wanaosubiri wasukume toroli la chakula. Faida nayo aliiona. Wanawake wa chumba cha pili, waliokwisha kujifungua, walikuwa wanapata vyeti vya watoto wao kabla kitovu hakijakauka.

Mama mkwe aliona foleni haina mwenyewe, akaichukua. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mitatu, na hapo ndipo nilipojua kwamba ualimu haumstaafishi mtu. Ndani ya siku mbili alijua mahitaji yetu kuliko mimi. Alimrudisha bwana mmoja nyumbani kwa sababu mwandiko wake ulipanda mlima. Bwana Kifungu alikuja kukagua, akamtazama akifanya kazi, na akasikitika waziwazi kwamba umri wake wa kuajiriwa umepita.

Tatizo lilikuwa kuupiga mhuri. Daktari alinikataza kutumia nguvu za aina yoyote, na kanuni ilitaka mkono wangu. Basi nikawa naweka kidole kimoja juu ya mpini, na jirani yangu wa kitanda namba kumi akawa anagonga. Yeye alikuwa amelazwa kwa presha ya ujauzito. Kila alipopimwa presha ilikuwa juu zaidi, madaktari wakakaa kikao wasielewe, mpaka mmoja wao alipoingia wodini na kumkuta amepandisha mikono ya gauni anagonga vyeti vya siku nzima. Kazi hiyo ikahamia kwa mama mkwe.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa mzaha. Daktari alipanga kunipasua wiki ya thelathini na tano, na alitaka chupa nane za damu ziwe kwenye friji kabla hajashika kisu. Ikiwa kondo limeota kwenye kovu, alisema, damu hutoka kuliko mtu anavyoweza kuizuia kwa mikono. Friji ya damu ilikuwa na nafasi tele. Humo ndimo mtu wa maabara alimoweka chakula chake cha mchana. Ndugu wakaitwa. Shemeji alizimia kwa kuona mlango wa maabara. Shangazi alikuwa na sukari. Mjomba alikubali, ila alitaka kwanza aoneshwe damu yake itakaa upande gani wa mwili wangu. Mume wangu aliwaomba wateja wake, wembe ukiwa shingoni mwao, na wote walikubali palepale. Hakutokea hata mmoja. Tulipata chupa mbili, ya mume wangu na ya Sista mkuu.

Niliogopa. Wanawake wenzangu wodini waliogopa kwa kukisia, mimi niliogopa kwa kujua. Mwaka ule, kwa mhuri uleule uliokuwa chini ya mto wangu, nilikuwa nimethibitisha vifo vya akina mama kumi na wanne waliokufa wakijifungua. Kwa tisa kati yao safu ya sababu ilikuwa na maneno mawili: kutoka damu. Nilikuwa nimeyapitia yote hayo nikiangalia kama wino ni mweusi. Sasa foleni ikipungua mchana nililala chali nikaiona safu hiyo, na jina langu ndani yake, nikajiuliza ni nani angelipiga mhuri. Jibu lilikuwa hakuna. Kwa upande wa ofisi ningebaki hai siku zote, na wanangu wangeambiwa waje kesho.

Damu ilikuja siku sita kabla ya siku iliyopangwa, saa nne asubuhi, foleni ikiwa na watu thelathini na mmoja. Nilikuwa na kidole juu ya mpini. Nikahisi joto lile, na mara hii halikukoma. Lilipita shuka, likapita godoro, likaanza kudondoka sakafuni, na mtu wa kwanza kwenye foleni akainua karatasi zake zisilowe. Nakumbuka taa za korido zikipita juu yangu. Namkumbuka mume wangu akikimbia ubavuni mwa kitanda, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, na nyuma yake mgonjwa mmoja mwenye nusu ya nywele akitaka kujua kulikoni. Daktari aliniambia nihesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Nilifika saba.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana.

Sista mkuu alitoka kwenye korido, gauni lake likiwa na damu yangu, akasema zinahitajika chupa nane, ziko mbili, na mama anakufa. Watu thelathini na mmoja wakatazama vidole vya miguu yao. Hawakuwa makatili. Baadhi yao walilia. Lakini ukitoka kwenye foleni umetoka, na wengine walikuwa wameamka alfajiri kuipata nafasi ile. Kila mtu alisubiri aliye mbele yake aondoke kwanza.

Mama mkwe alikuwa ameishi na foleni ile wiki tatu na nusu. Alichukua kalamu nene, akapanda juu ya stuli, na chini ya tangazo la Bwana Kifungu akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: KUANZIA LEO, DAMU KWANZA, MHURI BAADAYE. Akashuka, akasimama kando, mikono nyuma.

Kisha mwanamke mmoja wa mwisho kabisa kwenye foleni, mwenye bahasha ya kaki, akauliza kwa sauti maabara ni wapi. Akaoneshwa, akaenda. Hapo foleni nzima ikaingiwa na hofu kwamba wa mwisho atakuwa wa kwanza, ikageuka na kumfuata.

Walilalamika sana. Walisema ofisi hii imezidi, juzi picha, jana nakala, leo damu. Lakini walilalamika huku wakisogea. Mmoja aliuliza kama ya ndugu inakubalika. Bwana aliyekuja kuandikisha mapacha alitaka kutoa mara mbili, asije akaambiwa pungufu, na ilibidi akatazwe. Mama mmoja akishuka kitandani alidai risiti. Mtu wa maabara, ambaye hakuwahi kuombwa kitu hicho tangu aanze kazi, akamkatia kipande cha karatasi chenye tarehe na sahihi, na kuanzia hapo hakuna aliyekubali kuondoka bila kipande chake. Wanne walikataliwa kwa sababu za kiafya, wakagoma mpaka walipopewa barua. Ishirini na saba walitoa. Kumi na moja kati ya chupa hizo, zilizolingana na aina yangu, ziliingia mwilini mwangu.

Bwana Kifungu alifika katikati ya mambo hayo. Alilisoma tangazo, akalisoma tena, akauliza ni nani ameidhinisha.

"Ofisi ni mahali ulipo mhuri," mama mkwe akamjibu. "Mhuri uko chumba cha upasuaji, mkononi mwake. Kamwulize huko."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeondoka nao. Bwana Kifungu akavua koti, akalikunja, akakunja na mkono wa shati, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Hakutaja kifungu.

Nilizinduka tumbo likiwa jepesi. Daktari alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho mekundu, zile kalamu tatu zikiwa bado mfukoni. Alikuwa ameotea sawasawa: kondo lilikuwa limepenya kovu na kukaribia kibofu, na kulibandua kungeniua. Aliutoa mji wote nalo likiwa humo. Sitazaa tena. Sikuwa na mpango wa kuzaa tena, lakini nililia mpaka mshono ukauma, kwa sababu uamuzi huo nilitaka uwe wangu. Mama mkwe alinishika miguu iliyokuwa imetoka nje ya shuka, akakaa vivyo hivyo mpaka nilipolala.

Mtoto alikuwa wa kike. Mume wangu alikuja kuniambia uzito wake akiwa ameuandika kwenye kiganja asiusahau: kilo mbili na robo. Nilicheka, na huko kucheka nako kukauma. Mtoto naye alikuwa amepoteza damu, wakamwongezea kidogo, wakamweka kwenye kisanduku cha kioo na mashine ya kumsaidia kupumua. Nilipoweza kukaa walinisukuma kwa kiti mpaka kwake. Kisanduku kilikuwa na tundu la kuingizia mkono. Nikampa kidole, akakishika. Baada ya dakika chache muuguzi akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba muda wa kuona watoto umekwisha, nije kesho.

Nilirudi kesho kwa siku tisa. Siku ya kumi wakampachika kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akalala hapo anapumua mwenyewe.

Mhuri nilirudishiwa na Sista mkuu ukiwa umechemshwa pamoja na mikasi. Haujawahi kung'aa vile. Sasa nilikuwa na ruhusa halali ya uzazi, na ili kutimiza karatasi ya makabidhiano mama mkwe aliajiriwa kwa dakika kumi kama afisa wa tatu, akaugonga mhuri, akafutwa kazi kwa heshima. Mhuri ukaenda kwa Bwana Kifungu. Mwanangu hakupata cheti, kwa sababu mtumishi na mkuu wake hawaruhusiwi kuandikisha mtoto wa mtumishi. Faili lipo, kifungu kinatafutwa.

Nilirudi kazini baada ya miezi minne. Kitu cha kwanza nilichokiona ni maneno ya mama mkwe, yamechapwa kwa mashine, yamepewa namba na kubandikwa dirishani: sharti la saba, risiti ya damu. Bwana Kifungu hakuweza kulifuta, kwa kuwa hakuna aliyeliidhinisha, na kisichoidhinishwa hakifutwi. Watu walikuwa wanatoa. Hospitali ilikuwa imeomba friji ya pili, na mtu wa maabara anakula kantini siku hizi. Nilifungua daftari la vifo la miezi minne ile na kupitisha kidole kwenye safu ya sababu. Yale maneno mawili hayakuwemo. Nilijua tangazo ni uongo, na nilijua kwamba niko hai kwa sababu yake, na nilikaa mbele yake na wembe wa kubandulia mkononi nisijue la kufanya.

Mtu wa kwanza dirishani alikuwa Mama Kesho. Bwana Kifungu alikuwa amemrudisha mara moja nilipokuwa likizo, kwa sababu nakala ilikuwa bado imekatwa pembeni, kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya kumi na tatu dirishani. Akapitisha bahasha ya kaki kwenye tundu. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku niliyopasuliwa na sahihi ya mtu wa maabara. Hapo ndipo nilipomjua yule mwanamke wa mwisho kwenye foleni.

"Mama," nikamwambia, "damu haikuwa inahitajika kwa cheti. Mama mkwe wangu aliitunga pale pale."

"Nilijua," akasema. "Mahitaji yenu nayajua yote kichwani. Damu haikuwemo."

Nikamwuliza kwa nini basi alitoa.

"Miaka miwili mnanidai vitu visivyo na kazi kwa mtu," akasema. "Hicho ndicho cha kwanza nilichoona kina kazi."

Nikaichukua karatasi yake ya hospitali na, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, nikavuka mstari wa kwanza. Umri wa binti yake ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Mahali palikuwa wodi ya wazazi, kitanda namba tisa. Mtoto wake naye hakupona. Katika safu ya sababu, kwa wino mweusi, mtu mwenye haraka alikuwa ameandika: kondo lilitangulia njiani, kutoka damu, damu ya kumwongezea haikupatikana. Karatasi hiyo nilikuwa nimeishika mikononi mwangu mara kumi na moja, na kwa miaka miwili, kwa upande wetu, binti huyo alikuwa bado yupo.

Nakala ilikuwa imekatwa pembeni. Niliandika cheti, nikainua mhuri kwa mikono miwili, mshono ukanivuta, nikaugonga. Nikampitishia. Alikisoma polepole, herufi kwa herufi, akakipuliza wino ukauke, akakiweka ndani ya bahasha.

Hakuondoka. Nyuma yake watu walianza kukohoa. Nilimwuliza kama kuna kingine anachohitaji, akatikisa kichwa, bahasha ameikumbatia kifuani.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ni kwamba sijawahi kufika hapa. Sijui watu huondokaje."

Nikatoka nje kumwonesha mlango.